Usingoje matokeo ya KCSE: Kijana wa Kilifi, mlango wa chuo hufunguliwa Kidato cha Pili

HEBU vuta picha. Matokeo ya KCSE yametoka wiki chache zilizopita. Umeketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya saiba mjini Malindi, feni inazunguka juu, na nyuma yako kuna foleni. Mhudumu ameshafungua tovuti ya KUCCPS. Anakuuliza, “Wataka kozi gani?” Unamwangalia, naye anakuangalia. Mwisho wasema, “Weka tu yoyote itakayoingia.”

Kwa hiyo miaka minne ya maisha yako imeamuliwa kwa dakika kumi, na mtu ambaye hata jina lako amelisoma kwenye skrini tu.

Usicheke. Hii ndiyo hali halisi ya vijana wengi, kuanzia Mtwapa hadi Marereni. Na ukiitazama kwa makini, kosa halikutokea pale saiba. Lilianza miaka miwili au mitatu kabla, darasani, wakati hakuna aliyekuwa amekutajia neno KUCCPS.

Mwaka 2025 jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Muhula wa tatu, wanafunzi wa Kidato cha Pili walikuwa wakikaribia kuchagua masomo ambayo wangeendelea nayo hadi KCSE. Hawa ndio wa mwisho kabisa katika mfumo wa 8-4-4. Walifanya KCPE ya mwisho 2023 na watafanya KCSE ya mwisho 2027. Waliokuwa Kidato cha Nne walikuwa mlangoni mwa mtihani. Nao wadogo zetu wa Gredi 9 walikuwa wakijiandaa kuingia Gredi 10 Januari 2026, wakiwa tayari wametakiwa kuchagua njia ya kufuata. Makundi matatu, hatari moja: kuchagua bila kujua unachagua nini.

Namba zinasema nini?

Tuanze na picha kubwa. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani. Waliopata C+ na kuendelea, alama ya chini kabisa ya kusomea shahada, walikuwa 246,391. Yaani takriban mmoja katika kila wanne. Zaidi ya 716,000 walibaki chini ya mstari huo.

Sasa, shuleni mazungumzo yote ni ya chuo kikuu. Kwenye kuta, mabango ya “lengo letu B”. Kwenye siku ya wazazi, hotuba ni za udaktari, uhandisi na uanasheria. Hakuna ubaya kuota. Lakini kama watatu kati ya wanne hawafiki C+, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza njia nyingine, basi tumewaandalia ndoto moja na kuwaacha wengi barabarani.

Na hata yule mmoja aliyepata C+ hajamaliza kazi. C+ inakuruhusu kuingia kwenye foleni, haikuahidi kiti. Kinachoamua kiti ni hesabu nyingine, na hapo ndipo wengi hushtuka.

Hesabu ambayo hukuambiwa

KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya bodi ya zamani ya JAB, haliangalii gredi yako ya wastani peke yake. Kila kozi iko ndani ya kundi linaloitwa klasta, na kila klasta ina masomo manne yanayohesabiwa. Alama zako katika masomo hayo manne, juu ya 48, huunganishwa na jumla ya alama zako za masomo saba, juu ya 84.

Kwa kanuni inayofahamika, sehemu hizo mbili huzidishwa, ukatafuta kipeuo cha pili, kisha ukazidisha kwa 48. Usikimbie, tuifanye pamoja.

Chukua wanafunzi wawili. Wote wamepata jumla ya 56 kwa 84, yaani wastani wa B-. Kwenye ubao wa shule wako sawa kabisa. Wote wanataka kozi moja. Wa kwanza ana 36 kwa 48 katika masomo manne ya klasta hiyo. Wa pili ana 28, kwa sababu alama zake nzuri ziko kwenye masomo mengine ambayo kozi hiyo haiyahesabu. Ukipiga hesabu, wa kwanza anapata karibu 33.9. Wa pili anapata karibu 29.9.

Pointi nne nzima! Katika kozi zinazong’ang’aniwa, watu huachwa nje kwa sehemu ndogo ya pointi. Hawa wawili wana gredi moja, lakini mmoja anaenda na mwingine anabaki akiuliza, “Kwani mimi nimekosea wapi?”

Alikosea Kidato cha Pili, alipochagua masomo kwa kufuata marafiki. Au alipoambiwa, “Acha Fizikia, ni ngumu,” na hakuna aliyemwambia kwamba akiiacha Fizikia ameuacha pia uhandisi. Au alipoacha Biolojia bila kujua kwamba uuguzi, udaktari na sayansi ya bahari zimeondoka nayo.

Sisemi kila mtu abebe Fizikia. Kumlazimisha mtoto somo analopata D ili aseme anafanya sayansi ni kumwangusha mara mbili: atakosa kozi na atashusha wastani. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kuacha somo ni uamuzi wa kuacha kozi, na mwanafunzi ana haki ya kuelezwa hivyo kabla ya kuweka kalamu chini.

Na kuna upande mzuri ambao sisi wa Pwani hatuutumii vya kutosha. Tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Kozi ya sheria nayo huhitaji angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Umesikia hiyo “au”? Kijana wa Malindi aliyekulia ndani ya Kiswahili ana mtaji. Lakini mara ngapi tunaliona somo la Kiswahili kama la kupitisha muda kwa sababu “hilo tunalijua”? Wakija wa bara wanalisoma usiku na mchana, wanakupita, halafu wewe wabaki kusahihisha lafudhi yao.

Jina lako ni nani?

Swali la kipuuzi, au siyo? Basi subiri ujaze fomu ya mkopo.

Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na majina matatu. Nyumbani aitwa kwa jina la babu yake, kama desturi za Mijikenda zilivyo. Kanisani akapewa jingine, au madrasa wakamwandika jingine. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alilolisikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Charo, cheti cha KCSE kinasema Karisa, na wewe unajulikana mtaa mzima kwa jina ambalo haliko popote.

Mfumo wa ufadhili hauelewi hadithi. Unataka namba ya mtihani, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Kama mzazi amefariki, unataka cheti cha kifo. Herufi moja ikikaa vibaya, unarudishwa. Na kurekebisha jina si kazi ya asubuhi moja. Unatoka Baricho au Bamba, unapanda matatu hadi ofisi, unaambiwa uje na barua ya chifu, unarudi, chifu yuko mkutanoni. Wiki imekwisha, nauli imekwisha, na dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Ukitaka kujua karatasi ina uzito gani, uliza Wapemba wa pwani hii. Jamii hiyo ya wavuvi imeishi Kilifi na Kwale kwa vizazi, lakini kwa miaka mingi haikutambuliwa kuwa ya Wakenya. Ilikuwa Julai 2023, hapa hapa Kilifi, ndipo Rais William Ruto alipokabidhi hati za utambulisho kwa watu wake. Kabla ya hapo, mtoto wa Mpemba angeweza kuwa na akili ya kupigiwa mfano darasani, lakini bila kitambulisho, mlango wa mkopo na ufadhili ulikuwa ukuta.

Wewe huna ukuta huo. Una foleni tu. Kwa hiyo anza mapema. Kidato cha Tatu ni wakati mzuri wa kukiomba cheti cha kuzaliwa nyumbani, kukiweka kando ya vyeti vyako vya shule, na kulinganisha herufi kwa herufi. Ukitimiza miaka 18, shughulikia kitambulisho mara moja, usingoje hadi upate barua ya chuo. Kuna Huduma Centre Kilifi mjini, na machifu wako kila lokesheni.

Na pesa je?

Hapa ndipo ndoto nyingi za Kilifi huzama. Mtu amepata B, amepata kozi, ana barua, halafu anakaa nyumbani.

Mfumo mpya wa kufadhili masomo ya juu ulizinduliwa Mei 2023. Badala ya serikali kulipa kiasi sawa kwa kila mwanafunzi, sasa kuna sehemu tatu: ufadhili usiolipwa, mkopo wa HELB, na mchango wa familia. Kiwango chako hutegemea hali ya kiuchumi ya nyumbani. Kwa ngazi tano zilizotangazwa 2024, familia iliyo chini kabisa ilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na yenyewe ichangie asilimia 5. Iliyo juu ilipangiwa ufadhili wa asilimia 30, mkopo 30, na mfukoni asilimia 40.

Mfumo wenyewe umepita kwenye mawimbi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na mfumo ukaendelea. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu leo hawezi kuwa na hakika kwamba atakuta kanuni hizi hizi. Lakini jambo moja limebaki pale pale katika mabadiliko yote: bila kuomba, hupati. Kupata nafasi kupitia KUCCPS si kupata pesa. Ni maombi mawili tofauti, na wapo wanaomaliza la kwanza wakadhani safari imeisha.

Tena, swali la hali ya nyumbani ni gumu zaidi huku kuliko linavyoonekana kwenye fomu. Baba ni mvuvi Ngomeni: kuna wiki analeta samaki wa kutosha, kuna mwezi wa kusi hatii dau baharini. Mama anauza viazi karai na maandazi. Mjomba yuko hotelini Watamu, akifanya kazi msimu wa watalii na kukaa nyumbani ukiisha. Mapato ya mwezi ni kiasi gani? Ukiandika ya mwezi mzuri, utawekwa ngazi isiyo yako. Ukibuni, utajichongea. Dawa ni kukaa na wazazi mapema, mkajadili mapato ya mwaka mzima, mkaandika ukweli, na mkakubaliana nani ataweka sahihi wapi. Mazungumzo haya ni mazito. Watoto wengi hawajawahi kumuuliza baba anapata nini. Lakini ni afadhali uone aibu sebuleni kuliko uje kukwama ukiwa tayari na barua mkononi.

Kuna jambo jingine la kujua. Chini ya mfumo huu, anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, lakini hapati ule ufadhili usiolipwa. Ukishawishiwa na tangazo lenye picha za kupendeza, uliza kwanza: ada yote ni kiasi gani, na italipwa na nani mwaka wa pili?

Kisha kuna basari za NG-CDF katika maeneobunge yetu saba, na ufadhili wa kaunti unaopitia wadi. Huzitegemei peke yake, kwa sababu huja kwa mafungu na kwa kuchelewa. Lakini fomu hujazwa na walio karibu na habari. Anayesubiri kuambiwa na jirani huambiwa siku ya kufunga.

Chuo kiko mlangoni, lakini si chako kwa ujirani

Ukipita barabara ya Mombasa kwenda Malindi, unakiona Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Zamani palikuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi. Mwaka 2007 pakawa chuo kikuu kishiriki chini ya Kenyatta, na Januari 2013 pakapata hati ya kujitegemea. Ni fahari yetu. Lakini kuishi Mnarani au Tezo hakukuongezei pointi hata moja. KUCCPS hupanga wanafunzi wa nchi nzima, na kijana wa Kisii au Nyeri anayejua klasta yake anaingia kwa mlango huo huo unaoupita ukienda sokoni.

Na si chuo kikuu tu. Kama gredi yako ni C-, mlango wa diploma uko wazi katika kozi nyingi. D hukupeleka kwenye cheti. Chini ya hapo kuna kozi za ufundi. Na ngazi hizi zimeunganishwa: aliyeanza na cheti anaweza kupanda hadi diploma, na wa diploma hadi shahada. Anachelewa miaka kadhaa, lakini anafika akiwa na kazi mikononi.

KMTC ina kampasi Kilifi, na diploma ya uuguzi huhitaji wastani wa C pamoja na alama za kuridhisha katika masomo kama Biolojia. Unaona jinsi Biolojia inavyorudi? Kuna vyuo vya kiufundi kama Weru na Godoma ndani ya kaunti. Mombasa kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo cha Ubaharia cha Bandari.

Lakini kozi isichaguliwe kwa sababu ipo karibu tu. Angalia pia kazi iliyopo na ile isiyokuwepo. Wazee wetu wakumbuka kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilivyoajiri watu kisha kikafa. Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala pale Vipingo kimechukua zaidi ya miaka kumi kujengwa, na kizazi kizima cha waliokisubiri kimeshamaliza shule. Anayejenga maisha yake juu ya ahadi ya jengo anaweza kungoja sana.

Wakati huo huo, kuna vitu vikubwa tunavyovipita bila kuviona. Taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome Trust iko Kilifi tangu 1989, ikifanya utafiti wa malaria na magonjwa mengine unaosomwa duniani kote. Imekuwa na mpango wa kuwachukua baadhi ya waliomaliza Kidato cha Nne katika shule za Kilifi ili waone sayansi inavyofanywa. Kule Ngomeni, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano, ndiko setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kijana wa Ngomeni amezaliwa akiona majukwaa yale baharini. Je, kuna aliyemweleza kwamba safari ya kwenda kule inapitia Hisabati na Fizikia?

Mzigo huu si wako peke yako

Sasa tuseme ukweli mwingine, maana nisikubebeshe lawama yote.

Maombi ya KUCCPS hufanywa baada ya matokeo. Wazo hilo lina mantiki: unachagua ukijua alama zako, hubahatishi. Lakini lina bei yake. Wakati wa kuchagua ukifika, wewe si mwanafunzi tena. Mwalimu wako yuko na darasa jingine. Maabara ya kompyuta ya shule haikuhusu. Uko nyumbani Marafa au Vitengeni, mtandao unashika ukipanda kilimani, na simu ya nyumba ni moja. Mwenzako wa shule kubwa ya mjini ana mzazi aliyepitia chuo, ana binamu mhandisi, ana kompyuta sebuleni. Mfumo ni mmoja, tovuti ni moja, lakini mashindano hayaanzii mahali pamoja. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kozi usiachwe kuwa hotuba ya nusu saa ya mgeni siku ya zawadi. Shule, hata ya kutwa iliyo ndogo, inaweza kutenga saa moja kila muhula kuanzia Kidato cha Pili, ikaeleza klasta, ikafungua tovuti ya KUCCPS mbele ya darasa, ikaonyesha alama za mwisho zilizoingiza watu mwaka uliotangulia. Hiyo haihitaji bajeti. Kaunti na wabunge wetu, wanaopenda kupigwa picha wakikabidhi hundi za basari, wangeweza kutenga vyumba vyenye intaneti katika wadi kwa zile wiki chache za maombi. Hundi haimsaidii aliyekosa kozi kwa kutojua kuijaza.

Na vijana wa Kilifi mlioko vyuoni, mko wengi Pwani, Mombasa na Nairobi. Likizo mkirudi, msikae barazani mkituhadithia maisha ya hosteli tu. Rudi shule yako ya zamani siku moja. Waeleze ulikosea wapi.

Wa Gredi 10, yenu inakuja mapema zaidi

Kama una mdogo wako Gredi 9, msomee sehemu hii. Katika Sekondari Pevu kuna njia tatu: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Serikali imetarajia takriban asilimia 60 waende STEM, 25 Sayansi ya Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Ndani ya njia, mwanafunzi anachagua masomo matatu juu ya yale ya lazima.

Maana yake ni kwamba ule uamuzi uliokuwa ukifanywa Kidato cha Pili sasa unafanywa na mtoto wa miaka 14 au 15. Kundi hili la kwanza litafika mlango wa vyuo vikuu 2029. Si kila shule itakuwa na njia zote tatu, kwa hiyo kuchagua shule na kuchagua njia ni jambo moja. Mtoto anayependa muziki au soka, akipelekwa shule iliyo karibu bila kuuliza inafundisha nini, anaweza kujikuta kwenye masomo ambayo hakuyataka. Kaa naye. Muulize anapenda kufanya nini hata asipoambiwa. Kisha muulizeni mwalimu kama shule hiyo ina walimu wa masomo hayo kwa kweli, au yako kwenye karatasi tu.

Haya, ufanye nini?

Kama uko Kidato cha Pili: kabla ya kuacha somo lolote, andika kozi tatu unazozipenda. Tafuta klasta zake. Angalia masomo yanayorudiwa katika zote tatu, kisha yashike hayo. Ukipungukiwa na intaneti, jiungeni watano mchange bando moja.

Kama uko Kidato cha Tatu: linganisha majina kwenye vyeti vyako vyote. Zungumza na wazazi kuhusu pesa. Mtafute mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka, iwe zahanati, karakana au ofisi ya ardhi, umuulize siku yake inaendaje. Wengi watafurahi kuulizwa.

Kama uko Kidato cha Nne: sasa soma, mtihani kwanza. Lakini weka daftari dogo lenye mipango mitatu. Wa kwanza ni ukipata unachokilenga. Wa pili ni ukishuka gredi moja. Wa tatu ni ukikosa C+. Mpango wa tatu haukuleti mkosi, bali utakuzuia kukaa nyumbani mwaka mzima ukiona haya.

Na dirisha likifunguliwa, hata kama utatumia saiba, ingia ukiwa na karatasi yako iliyoandikwa kozi na namba zake. Tumia barua pepe yako na laini yako. Nywila iwe yako, uikariri, usimwachie mhudumu. Malipo yapite kwenye njia rasmi za serikali, si kwa namba ya mtu. Ukishamaliza, ingia tena kesho yake uhakikishe kilichoandikwa ni ulichochagua wewe.

Mfumo huu haujawa wa haki kwa kila mtu, na ni sawa kuupigia kelele. Lakini wakati tukipiga kelele, tarehe za kufunga maombi hazitungojei. Siku utakayoketi kwenye kile kiti cha plastiki, feni ikizunguka na foleni ikiwa nyuma yako, mhudumu akikuuliza “Wataka kozi gani?”, toa karatasi yako mfukoni umsomee.